Filamu ya Pili Iko Wapi?

Simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wameingia mara mbili kwa kishindo kwenye sinema za dunia, na mara zote mbili Tsavo yenyewe haikualikwa. "Bwana Devil" ya mwaka 1952, filamu iliyowavalisha Wamarekani miwani maalumu ili wamwone simba kana kwamba anawarukia, ilipigwa California. "The Ghost and the Darkness" ya mwaka 1996, yenye Michael Douglas na Val Kilmer, ilipigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe wako Chicago, katika makumbusho ya Field, ngozi zao zimejazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo. Mkazi wa Voi, ambaye daraja la mto Tsavo liko mwendo mfupi wa gari kutoka kwake, akitaka kukiona kisa hicho cha nyumbani hutazama vilima vya watu wengine, na kisa chenyewe husimuliwa na wanaume wa mbali kuhusu mwanamume wa mbali.

Nimeanzia hapo kwa sababu habari za waongozaji filamu wanawake huhesabiwa tofauti kulingana na mahali mtu alipokaa. Aliyeko Cannes huhesabu mataji. Aliyeko Nairobi huhesabu majina, na siku hizi anayo mengi. Aliyeko Voi, mji wa njia panda ambako malori hulala na watalii hupita wakielekea lango la Tsavo Mashariki, huona jambo jingine: watu wa kamera huja, hupiga, huondoka, na ni nadra kujua nani atarudi, lini na kwa pesa za nani. Ninavyoona, heshima wanayopata waongozaji wanawake wa Kenya ni ya haki na wameitolea jasho, ila hutolewa kwa filamu moja moja. Filamu ya kwanza hupigiwa makofi. Ya pili hungojwa miaka saba, kumi, na pengine huja ikiwa imepigwa katika nchi nyingine.

Taita Taveta ina historia yake ya wanawake na kamera, fupi lakini yenye kueleza mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Alan na Joan Root walizama kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, wakapiga filamu ya viboko wakiwa chini ya maji, kazi ambayo hadi leo wapiga picha wa wanyamapori huitaja kwa heshima. Joan alizaliwa Nairobi mwaka 1936. Ndiye aliyepanga safari, akaendesha magari, akalea wanyama yatima kambini, kisha akazama pamoja na mumewe. Kiboko aliwahi kuitoboa kwa jino miwani yake ya kuzamia akiwa ameivaa usoni. Jina lililotangulia na kukumbukwa kama la mwenye filamu lilikuwa la Alan. Wengi walianza kuupima mchango wa Joan baada ya kuuawa Naivasha mwaka 2006, naye hakuwepo kusikia.

Kizazi kimoja baadaye Mzima ilipata wapiga filamu wengine wawili, Mark Deeble na Victoria Stone. Wakarudi tena Tsavo, wakakaa miaka kadhaa wakimfuata Athena, jike la ndovu anayeongoza familia yake wakati wa ukame. Filamu hiyo, "The Elephant Queen", ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaingia Apple TV+. Hapa waongozaji wametajwa wawili, mume na mke, kwa herufi za ukubwa mmoja. Kutoka kwa Joan hadi kwa Victoria ni hatua ya kweli, na haifai kuidharau.

Lakini tazama kilichobaki nje ya picha. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga mbili za Tsavo, na watu zaidi ya 340,000 waliohesabiwa mwaka 2019 hugawana kilichobakia na mashamba ya mkonge, ranchi na migodi ya vito. Kwa mkulima wa Sagalla, ndovu ni yule anayeingia usiku mahindi yakikaribia kukomaa. Ni hapo Sagalla ambapo ua wa mizinga ya nyuki umejaribiwa kwa miaka mingi, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki kuliko anavyoogopa kelele za debe. Katika filamu ya Athena binadamu karibu hawaonekani. Ni filamu nzuri mno, wala simlaumu mtu kwa kuchagua kuwasimulia ndovu peke yao. Nasema tu kwamba mama wa Sagalla angeipiga tofauti, na huyo mama bado hajapewa kamera. Maji ya Mzima yenyewe husafiri kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, na wenyeji hawajaacha kunung'unika kwamba bomba linapita tu. Picha za Mzima zimefuata njia ya maji.

Duniani nako mambo yamesogea kwa mwendo wa kobe. Jane Campion alipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1993, na ilibidi kungoja hadi mwaka 2021 mwanamke wa pili, Julia Ducournau, aipate. Justine Triet alifuata mwaka 2023. Kathryn Bigelow aliingia historia ya Oscar mwaka 2010 kama mwanamke wa kwanza kushinda kwa uongozaji. Utafiti wa Martha Lauzen wa Marekani, unaofuatilia filamu 250 zinazoingiza pesa nyingi zaidi kila mwaka, ulikuta wanawake ni asilimia 9 ya waongozaji mwaka 1998, na asilimia 16 mwaka 2024. Robo karne, asilimia saba. Barani kwetu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, ina jina la Yennenga, binti mfalme aliyepanda farasi kwenda vitani, na tangu ianze kutolewa mwaka 1972 hakuna mwanamke aliyeipata. Mwaka 2023 walikaribia kweli: ya fedha ilikwenda kwa Apolline Traoré wa Burkina Faso na ya shaba kwa Angela Wanjiku Wamai wa Kenya, kwa filamu yake "Shimoni". Ya dhahabu ikachukuliwa na Youssef Chebbi wa Tunisia.

Jirani zetu tuwapitie haraka. Tanzania ilikuwa na Flora M'mbugu-Schelling, aliyewapiga filamu wanawake wanaoponda mawe katika machimbo ya Kunduchi, "These Hands", mwaka 1992. Ikaja kuwa na Seko Shamte, ambaye "Binti" yake ya mwaka 2021 ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia Netflix. Uganda imenufaika na Maisha, karakana ya mafunzo aliyoianzisha Mira Nair jijini Kampala. Kenya ndiyo yenye orodha ndefu, na ndiyo inayotuhusu.

Orodha hiyo haikuanza jana, ingawa magazeti hupenda kuandika kana kwamba kila mwanamke anayeshinda ni wa kwanza. Anne Mungai, aliyesomea kazi hiyo katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, alitoa "Saikati" mwaka 1992: msichana wa Kimaasai anakimbia ndoa aliyopangiwa, anafika Nairobi, anakuta mtego mwingine. Wanjiru Kinyanjui, aliyesomea Berlin, akafuata katikati ya miaka ya 1990 na "The Battle of the Sacred Tree", kichekesho chenye meno kuhusu mwanamke aliyemwacha mume mkorofi akarudi kijijini na kukuta kina mama wa kanisa wanataka kuukata mti mtakatifu wa mugumo. Hizi ni filamu za miaka 30 iliyopita. Walizipiga kwa filamu halisi ya kusafishwa maabara, wakati ambapo kila dakika iliyopotea ilikuwa pesa iliyoungua, na hakuna aliyewaandalia zulia jekundu. Nikisikia mtu akisema wanawake "wameanza" kuongoza filamu Kenya, huwa nataka kumwuliza ameanzia kuhesabu wapi.

Judy Kibinge alitoka kwenye kampuni ya matangazo ya biashara akatoa "Dangerous Affair" mwaka 2002, hadithi ya mapenzi na usaliti ya vijana wa Nairobi wenye kazi na magari. Wakati huo filamu ya Kenya ilitarajiwa kuhubiri kuhusu ukimwi au maji safi, kwa maana aliyelipa alikuwa shirika fulani lenye ujumbe. Kibinge alionyesha kwamba Mkenya anaweza kulipia hadithi isiyomfundisha kunawa mikono. Mwaka 2013 akatoa "Something Necessary", kuhusu mwanamke anayejaribu kuijenga upya nyumba yake baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, na kijana aliyekuwa upande wa waliochoma. Hawa Essuman alikuwa ametangulia na "Soul Boy" mwaka 2010, iliyopigwa Kibera. Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, alisimulia maumivu ya bomu la ubalozi wa Marekani katika "From a Whisper" (2008), akazoa tuzo kadhaa za Africa Movie Academy mwaka 2009, ya uongozaji ikiwemo. Kisha akatoa "Pumzi", filamu fupi ya kubuni kuhusu Afrika Mashariki ya baadaye isiyo na maji, ambayo mtu wa Taveta wakati wa kiangazi huenda asiione kuwa ya kubuni sana.

Sasa tupime miaka. Kutoka "From a Whisper" hadi filamu ndefu iliyofuata ya kubuni ya Kahiu, "Rafiki", ni miaka 10. Kutoka "Soul Boy" hadi "Silas", filamu ya hali halisi ambayo Essuman aliiongoza pamoja na Anjali Nayar kuhusu mwanaharakati wa misitu wa Liberia, ni miaka 7. Mungai alirudi na mwendelezo wa "Saikati" mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Hawa ni watu waliosifiwa, walioshinda, wanaotajwa kila mahali. Kama aliyeshinda hungoja hivyo, asiyeshinda anangoja nini?

Mtu atanijibu kwamba wanaume nao hukwama, naye atakuwa na hoja. Tosh Gitonga alitikisa nchi na "Nairobi Half Life" mwaka 2012, na filamu yake ndefu iliyofuata, "Disconnect", ikaja mwaka 2018. Ukame wa pesa haubagui. Kinachobagua ni idadi ya wanaofika kwenye foleni. "Soul Boy", "Nairobi Half Life" na "Something Necessary" zote zilitoka katika mpango mmoja, One Fine Day, wa mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer na mwenzake Marie Steinmann, uliowaweka vijana wa hapa pamoja na walimu wa kigeni. Ulizaa pia "Veve", "Kati Kati" na "Supa Modo". Katika hizo sita, wanawake waliongoza mbili. Na mpango wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza. Huo ndio mtindo wa ruzuku nyingi za Ulaya na karakana za mafunzo: humtafuta chipukizi, humwonyesha kwenye tamasha, kisha hugeukia chipukizi mwingine. Aliyekwisha kuchipua hana mfuko wake. Hapo wafanyabiashara wa nyumbani ndio wangepaswa kuingia, lakini kumbi za sinema za kulipia zimebanana katika miji michache mikubwa, na filamu isiyo na ukumbi haina namna ya kurudisha pesa ya mtu.

Kibinge aliuelewa ugonjwa huu kwa undani kuliko wengi, na kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko filamu zake ni Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki aliouanzisha mwanzoni mwa muongo uliopita. Badala ya kungoja kualikwa, aliweka meza ya kwao. Sadfa au la, kwenye filamu za hali halisi ndiko wanawake wa Kenya walikofanya makubwa zaidi. Philippa Ndisi-Herrmann alitoa "New Moon" mwaka 2018, iliyoanza kama habari ya bandari mpya ya Lamu ikageuka kuwa safari yake mwenyewe ya kuingia Uislamu. Beryl Magoko alirudi kwao Kuria na kamera kuzungumzia ukeketaji, kwanza katika "The Cut", kisha katika "In Search", ambayo yeye mwenyewe ndiye kisa. Zippy Kimundu, pamoja na Meena Nanji, alimfuata binti wa Dedan Kimathi akidai mabaki ya baba yake na ardhi ya wapiganaji, filamu iliyotoka mwaka 2023. Aina hii huhitaji watu wachache na muda mrefu. Mtu hupiga mwezi huu, hutafuta riziki miezi mitatu, hurudi kupiga tena. Wanaoisifu kama chaguo la kisanii wasisahau kwamba kwa wengi ilikuwa pia ndiyo mlango pekee usiofungwa na bajeti.

Orodha ya filamu ambazo Kenya imepeleka kushindania Oscar ya filamu za kimataifa inafichua jambo la pili, ambalo sijaona likizungumzwa. Hadi mwaka 2024, tatu zilikuwa na mwanamke kwenye kiti cha uongozaji: "Subira" ya Ravneet Sippy Chadha, kuhusu msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, "The Letter" ya Maia Lekow na Christopher King, kuhusu wazee wa Pwani wanaoitwa wachawi ili wanyang'anywe mashamba, na "Nawi", iliyotoka Turkana. Ni Chadha tu aliyekuwa peke yake. Ongeza Stone na Deeble, Essuman na Nayar, Kimundu na Nanji, na utaona kwamba mwanamke hutambuliwa akiwa na mwenzake mara nyingi mno. Ushirikiano si aibu, na baadhi ya jozi hizi ni za wanawake pekee. Hata hivyo, mwanamume akiongoza filamu yake ya kwanza peke yake huitwa kipaji. Ningependa kujua ni mara ngapi mwanamke hushauriwa atafute mwenzake kabla ya hundi kusainiwa.

Kisha kuna serikali, ambayo kwa mkono mmoja hutoa tuzo na kwa mkono wa pili hushika makasi. Tume ya Filamu hutoa Kalasha. Bodi ya Uainishaji wa Filamu hutumia sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyoandikwa wakati bendera ya Uingereza ingali juu. Aprili 2018 bodi hiyo ilipiga marufuku "Rafiki", kisa cha wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Wiki chache baadaye filamu hiyohiyo ikawa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na siku zilezile, kwenye ngazi za jumba la tamasha, wanawake 82 wa sinema walisimama kukumbusha kwamba tangu 1946 filamu 82 tu za waongozaji wanawake zilikuwa zimeshindania tuzo kuu, dhidi ya 1,688 za wanaume. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku 7, na watu wa Nairobi wakapanga foleni. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu kisa chenyewe, na wengi wanayo. Kibiashara, funzo lilikuwa chungu: filamu ya Kenya iliyokuwa ikizungumzwa kuliko zote ilipewa wiki moja ya soko la nyumbani. Kahiu akaenda zake. Filamu yake iliyofuata, "Look Both Ways" ya mwaka 2022, ni ya Netflix, ya Kimarekani, kuhusu binti wa Texas. Hongera kwake. Hesabu yetu ya filamu za Kenya ikabaki pale ilipokuwa.

Turudi Voi. Tuseme kuna msichana wa mtaa wa Mwakingali au Sofia mwenye jicho la picha. Atajifunzia kwenye harusi na mazishi, kwa sababu huko ndiko kamera za kukodi ziliko kila Jumamosi, na siku hizi hata matanga hurushwa moja kwa moja mtandaoni ili jamaa walioko ughaibuni walie pamoja na wenzao. Shule hiyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa: inafundisha kupiga bila kurudia, kusikiliza umati, kujua uso upi utavunjika kabla haujavunjika. Akitaka chuo, KIMC iko Nairobi. Akitaka kurusha droni juu ya mlima Ndara, anahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Akitaka kuingia mbugani na kamera ya kazi, shirika la wanyamapori lina ada yake, na ada hiyo imepangwa ikimfikiria mgeni wa BBC kuliko jirani wa lango. Kupiga usiku kuna hesabu nyingine, ambayo kijana wa kiume haifanyi: atarudije nyumbani saa nane za usiku, na mama atasema nini.

Wanyamapori, kwa bahati, ni uwanja ambao mwanamke Mkenya ameshauvunjia ua. Paula Kahumbu, mwanasayansi wa ndovu, alichoka kuona filamu za mbuga zetu zikipigwa na wageni kwa ajili ya wageni, akatengeneza "Wildlife Warriors", mfululizo wa runinga ambamo Wakenya wenyewe wanawaeleza Wakenya wenzao kuhusu wanyama wao, ulioanza kuonyeshwa Citizen mwaka 2019. Kwa Voi huo ni mfano wa karibu kuliko Cannes. Msichana aliyekulia Sagalla anajua njia za ndovu kwa majina ya wenye mashamba.

Na hadithi si ndovu peke yake. Mwaka 1915 Waingereza waliwang'oa watu wa Kasighau kutoka mlimani mwao, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani waliokuwa mpakani, wakawapeleka Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Watalii wametembezwa kwenye viwanja vya vita vya Salaita na Maktau, vibao vya kumbukumbu vikiwekwa kwa majina ya vikosi. Safari ya Wakasighau kwa mguu, na kina mama waliobeba watoto, bado inangoja mtu wa kuiongoza, kwa Kikasighau na Kidawida, pamoja na Kiswahili. Kuna mapango ya mafuvu ya wahenga, kuna ngoma ya Mwazindika, kuna wake za wachimba vito. Tamthilia za runinga zimeshatuonyesha kwamba mtazamaji wa Nairobi hukubali lafudhi ya Pwani; "Sultana" ilimkalisha kila jioni. Lakini Pwani ya runinga huishia kwenye minazi. Mlima wa Taita, wenye ukungu na kabichi, haujaonekana kuwa Pwani ya kutosha.

Kuna kipengele cha Katiba ya 2010 ambacho wabunge wa kaunti hawakitaji mara nyingi. Jedwali la Nne linazipa kaunti, miongoni mwa kazi za utamaduni na burudani, sinema na maonyesho ya video. Yaani ukumbi wa kuonyesha filamu Voi, au turubai la Jumamosi Wundanyi, Mwatate na Taveta, ni jukumu la kaunti kisheria, kama zilivyo maktaba. Pesa zake si nyingi zikilinganishwa na barabara. Vibanda vya video vipo tayari, vikiwa na mpira wa Uingereza na filamu za kigeni zilizosimuliwa upya na DJ Afro kwa Kiswahili cha mtaani, kwa hiyo asiseme mtu kwamba watazamaji hawapo.

Turkana, mbali kuliko Voi na kavu kuliko Voi, imeshajaribu. "Nawi", kisa cha msichana anayetoroka kuozwa mapema, kilitokana na shindano la uandishi alilolishinda Milcah Cherotich, na filamu ikapigwa hukohuko pamoja na Learning Lions, shirika linalowafundisha vijana wa Turkana kazi za kidijitali. Waongozaji walikuwa wanne, wakiwemo ndugu wawili Wajerumani, Kevin na Tobias Schmutzler, na Apuu Mourine, mwanamke wa Turkana. Ilichaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar mwaka 2024. Kwa kipimo cha tuzo, kazi imekwisha. Kwa kipimo ninachokitumia hapa, ndiyo kwanza inaanza: nangoja kuona Wamai atafuatisha nini baada ya "Shimoni", na kama filamu ijayo ya Mourine itapata pesa ikiwa na jina lake peke yake kwenye kiti.